Wagika, Wagalu na Nyota za Michelin

Mwaka 1900 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, walichapisha kitabu kidogo wakakigawa bure kwa wenye magari. Biashara yao ilikuwa matairi, na magari ya Ufaransa wakati huo yalikuwa machache mno. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mtu akijua wapi atapata mafuta, fundi, kitanda na chakula, atasafiri zaidi, na akisafiri zaidi tairi litaisha. Nyota zilikuja baadaye, 1926, na kuanzia 1931 zikapangwa moja hadi tatu. Moja maana yake hapa chakula ni kizuri. Mbili, acha njia yako kidogo ukale. Tatu, funga safari kwa ajili ya mahali hapo peke yake.

Kwa hesabu hiyo ya matairi, kitabu kilipaswa kufika Isaka zamani. Malori yanayotoka Dar es Salaam hupita Singida na Nzega, yakashika Tinde, Isaka na Kahama, kisha Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi, ndipo yaelekee Rusumo au Kabanga. Hakuna dereva wa Lyon aliyemaliza matairi kama hawa. Wakaguzi wa Michelin hawajaja, na madereva hawajawasubiri. Kila dereva ana orodha yake kichwani na utingo wake anairithi: hapa supu ya asubuhi, pale wali wa Kahama kwa sato, kwa yule mama wa tatu usile nyama baada ya saa nane mchana maana itakuwa imepashwa mara ya pili. Orodha hiyo haina namba moja. Ina saa, ina siku za mnada, ina habari za pa kuegesha lori na nani anakesha. Ukimwambia dereva akutajie hoteli bora kati ya Tinde na Nyakanazi, atakuuliza kwanza unapita saa ngapi.

Ugomvi wangu na wahakiki wa migahawa wa magazetini unaanzia kwenye swali hilo wasilouliza. Siwalaumu kwa ulimi wao. Wengi wanajua kuonja kuliko mimi. Wala siwadharau kwa kazi yao. Craig Claiborne, aliyeingia New York Times mwaka 1957 kuhariri kurasa za chakula, alisaidia kujenga kanuni ambazo hapa kwetu zingetufaa sana: nenda bila kujitangaza, nenda zaidi ya mara moja, gazeti lilipe. Mwaka 1993 Ruth Reichl wa gazeti hilohilo alikwenda Le Cirque, mgahawa wa vigogo wa Manhattan, akiwa amevaa wigi na kujifanya mama wa kawaida. Alipokelewa kama mtu aliyepotea njia. Alipokwenda kwa sura yake na kutambuliwa, meza ikapatikana mara moja, na hata rasiberi za sahani yake zikawa kubwa kuliko za mwanzo. Aliandika yote mawili katika makala moja, akaushusha mgahawa kutoka nyota nne hadi tatu.

Geita mjini, kwenye machimbo ya dhahabu, hakuna asiyeijua hadithi hiyo, ingawa Le Cirque hawaijui. Mhandisi akiingia hotelini na kizibao cha kung'aa cha mgodi mkubwa, kiti hufutwa. Kijana aliyetoka mwaloni kuosha dhahabu, tope limemkaukia hadi magotini, huelekezwa kwenye benchi la nje. Tofauti ni kwamba ukanda huu wa dhahabu una kawaida ya kugeuza mambo usiku mmoja. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likitema dhahabu, huyu wa tope ndiye atakayelipia meza zote kesho, na atakumbuka nani alimkalisha wapi. Ndiyo maana mama ntilie mwenye akili, Katoro au Nyarugusu, hasomi nguo za mtu. Anamwita mteja mwenye tope "bosi" bila kejeli, na anamwongezea mchuzi kabla hajaomba.

Afrika Mashariki imewahi kuingizwa katika orodha za wakubwa. Jarida la Restaurant la London lilipotoa orodha yake ya kwanza ya migahawa 50 bora duniani, mwaka 2002, Carnivore ya Nairobi ilikuwamo, na mwaka 2003 ikawamo tena. Aliyekula pale anaujua mchezo wake: nyama inachomwa kwenye tanuri kubwa la mkaa, wahudumu wanapita nayo mezani ikiwa imechomekwa kwenye panga la Kimaasai, na wanakukatia mpaka ulaze kibendera kukiri kuwa umeshindwa. Ni burudani nzuri. Lakini mwulize mkazi wa Nairobi nyama choma ya kweli iko wapi. Atakutajia Kenyatta Market, na mwenzake aliyeketi kando atambishia hapohapo kwamba ni soko la Burma. Ujuzi wa nyama wa mji ule umo katika ubishi huo. Orodha ya London haikuwa na pa kuuandika. Ilihitaji mlango mmoja tu, ikachagua ulio wazi kwa mgeni.

Usukumani tuna namna nyingine ya kutoa hukumu, nayo haikutoka kwenye chakula. Tangu karne ya 19 ngoma za Wasukuma zimegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu: wale ni wafuasi wa Ngika, hawa wa Gumha. Waganga hao wawili walibishana dawa ya nani ina nguvu zaidi, na ubishi wao ukapelekwa uwanjani. Mpaka leo, mavuno yakishaingia ghalani, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji huenda wanakovutwa. Wakichoka wanavuka. Mwenye umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Ndiyo maana wachezaji wamebuni kila kinachoweza kumgeuza mtu shingo: majembe yanayorushwa hewani katika bugobogobo, chatu mikononi mwa wachezaji wa nyoka, nyimbo za kumchamba mpinzani kwa jina. Bujora, karibu na Kisesa, ambako padri David Clement alijenga makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo yaliunganishwa na sikukuu ya Ekaristi, Bulabo, na wacheza ngoma wakaendelea kuchambana mbele ya sakramenti bila mtu kushtuka.

Linganisha uwanja huo na ukurasa wa gazeti. Mhakiki anahukumu akiwa amekaa. Mtazamaji wa Wagika anahukumu kwa miguu, na kila anapokwenda upande mmoja ameukosa mwingine. Hukumu yake ina gharama. Mhakiki anakula, anaandika, anaondoka, na anayebaki na hukumu hiyo ni mpishi. Kubwa zaidi ni kwamba uwanja hauna cheo cha kudumu. Aliyeshinda mwaka huu atarudi mwakani jasho likimtoka kama mwanafunzi. Wale wa London walifanya kinyume: kuanzia 2019 mgahawa ukishashika namba moja unatolewa mashindanoni na kuwekwa kando miongoni mwa magwiji. Msukuma angecheka sana. Umemshinda mwenzako mara moja, halafu unakatazwa kucheza naye tena?

Wajapani wa Edo, Tokyo ya zamani, walikaribia kutuelewa. Katika karne ya 19 mji wao ulikuwa na karatasi zilizopanga nyumba za chakula kwa kuiga orodha za wapiganaji wa sumo, mashariki upande mmoja na magharibi upande wa pili. Vyeo vilikuwapo, na bila shaka fitina pia, lakini kila mwenye cheo alimwona mpinzani wake wa cheo kilekile ng'ambo ya karatasi.

Sasa wenye mashaka waseme, na wana haki. Umati si mwamuzi safi. Wagika na Wagalu wenyewe wanaamini hivyo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana wana samba, dawa ya mvuto inayowaleta watu uwanjani na kuwafanya wasibanduke. Maneno kama hayo yanawaandama mama ntilie kila mahali: kibanda kikijaa kuliko vya jirani, hakosi mtu wa kunong'ona kuwa kuna kitu chini ya jiko. Sina la kusema juu ya kilicho chini ya jiko, ila samba ya magazeti naijua. Paris, mwaka 1803, Grimod de la Reynière alianzisha Almanach des Gourmands, na wapishi na wauza vyakula wakawa wanampelekea sahani bure, yeye na jopo lake waonje ndipo watoe hukumu. Miaka zaidi ya 200 imepita, na vijana wenye simu na wafuasi wengi wanakula kwa mtindo uleule kutoka Mikocheni hadi Mwanza.

Tena umati wa machimboni una haraka. Ikisikika rashi, habari ya dhahabu mpya, mahali palipokuwa pori jioni pana vibanda asubuhi, na mpishi hufika karibu sawa na mchimbaji. Anayejaza watu siku hizo ni aliye jirani na makarasha ya kusagia mawe, mwenye sufuria kubwa na ugali wa kukaa tumboni mpaka zamu iishe. Hapo sitadai kwamba wingi wa watu unathibitisha utamu. Unathibitisha njaa. Mhakiki mwenye subira anaweza kuona asichokiona umati huo: kwamba kibanda cha nne, kisicho na foleni, kinapika nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, kwa karanga vizuri kuliko nyumba nyingi za watu, na kwamba ugali wake wa udaga una ile harufu kali ya muhogo uliovundikwa vizuri, harufu ambayo mgeni huidhani kuoza na mzaliwa huikosa akiwa Dar es Salaam. Jonathan Gold wa Los Angeles alifanya kazi ya namna hiyo. Alizunguka kwenye vibanda vya wahamiaji ambavyo magazeti yalivipita, na mwaka 2007 akawa mhakiki wa kwanza wa chakula kupewa tuzo ya Pulitzer. Hata yeye, lakini, aliishia kutoa orodha.

Kuna hukumu moja ambayo umati wala Gold hawaifikii, nayo imeandikwa kwa kalamu ya wino katika daftari la mikopo. Mchimbaji anakula kwa mkopo mawe yake yakiwa bado hayajasagwa. Anamwambia mama ntilie, "Mama, niandike." Mama anamwangalia kidogo, anaandika jina na "wali nyama". Wiki inapita. Akipata dhahabu na kurudi kulipa wakati angeweza kuhamia machimbo mengine bila kuonekana tena, chakula kile kimepimwa. Na mama naye alimpima mteja siku ile alipokubali kuandika. Sijui mgahawa wa nyota tatu unaoweza kusema hivyo juu ya wateja wake, maana hao wanalipa kwa kadi kabla ya kuondoka mezani. Kuna daftari zenye kurasa nyingi zisizolipwa, na hapo wapishi wengine hufunga jiko. Hukumu hii inamuumiza mwamuzi na mshindani pamoja, na siipendekezi kwa gazeti lolote.

Ninachopendekeza ni kidogo. Gazeti la Mwanza au la Dar likitaka kuhakiki vyakula vya Kahama na Geita, lisitume mtu mmoja. Litume wawili wasioelewana, mmoja amezaliwa kwenye mpunga wa Kahama, mwingine kwenye mwalo wa samaki wa Ziwa. Walipiwe na gazeti, wale mahali palepale saa tofauti, waandike kila mmoja upande wake wa ukurasa, na mhariri asiongeze nyota wala namba. Msomaji avuke mwenyewe kwenda upande unaomvuta. Mwakani, baada ya mavuno, wabadilishane pande.