Saratani changa ya tumbo: safari ya kamera hadi mwambao wa Tanganyika

Saratani ya tumbo huitwa changa ikiwa bado iko katika utando laini wa ndani wa mfuko wa chakula, au imeteremka hadi tabaka lililo chini yake tu, bila kuugusa msuli. Ndivyo chama cha Japani cha madaktari wa endoskopi, yaani utazamaji wa ndani ya mwili kwa bomba au kamera, kilivyoieleza mwaka 1962, na maelezo hayo yanatumika hadi leo. Katika hatua hiyo wagonjwa wengi hawasikii maumivu. Wakisikia kitu, ni kiungulia au tumbo kujaa gesi, mambo yanayompata mtu yeyote. Uvimbe ukiondolewa wakati huo, zaidi ya 90% ya wagonjwa huwa hai miaka mitano baadaye. Ukishapenya msuli na kusambaa kwenye tezi za limfu, wanaopona ni wachache. Tofauti hiyo inategemea kama kuna mtu aliyeutazama utando huo kwa macho kabla mgonjwa hajaanza kukonda.

Kijiji cha Mwamgongo kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Watu wake huishi kwa dagaa, mawese na mashamba ya miteremkoni, na mpaka wa Burundi hauko mbali. Ni mahali palipo mbali sana na vyumba ambako utazamaji wa tumbo ulianzia, lakini pako pembezoni mwa ukanda ambao watafiti wa saratani wamekuwa wakiuchunguza kwa zaidi ya nusu karne.

Kumbukumbu za saratani katika ukanda huo zilianza na karatasi za hospitali za misheni. Hospitali ya Mengo, Kampala, ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897, na kumbukumbu zake zilitunzwa vizuri kiasi kwamba daktari J. N. P. Davies na wenzake waliweza kuzipitia na kuandika mwaka 1964 juu ya saratani katika jamii moja ya Kiafrika tangu 1897 hadi 1956. Davies ndiye pia aliyekuwa nyuma ya rejesta ya saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1950 na ambayo ni miongoni mwa rejesta kongwe barani Afrika. Mwaka 1965 Michael Hutt na Denis Burkitt, wote wa Hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere, Kampala, walichapisha ramani ya saratani za Afrika Mashariki. Kazi hiyo na zilizofuata zilionyesha kwamba saratani ya tumbo haikusambaa sawasawa. Ilionekana zaidi nyanda za juu: kusini-magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, na miteremko ya Kilimanjaro. Tambarare zilikuwa na wagonjwa wachache zaidi.

Ramani hizo zilikuwa kazi kubwa na ya heshima, lakini karibu kila nukta iliyochorwa ilikuwa ya mgonjwa aliyechelewa. Daktari alikuwa amegusa uvimbe kwa mkono, au ameukuta baada ya kupasua, au baada ya kifo. Saratani changa haikuwamo, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuiona.

Ulaya ilikuwa imelihangaikia tatizo hilo tangu karne ya 19. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alimwita mcheza maonyesho aliyezoea kumeza panga na kumpitishia bomba la chuma lililonyooka hadi tumboni. Bomba lilipita, lakini mwanga wa taa haukutosha kuonyesha chochote cha maana. Mwaka 1932 Rudolf Schindler, pamoja na fundi Georg Wolf, alitengeneza bomba ambalo sehemu yake ya mbele ilipinda kidogo na lenye lenzi nyingi ndani. Schindler alifungwa na utawala wa Wanazi, kisha akahamia Chicago mwaka 1934, na huko akakifundisha kizazi cha kwanza cha madaktari wa Marekani waliotazama tumbo kwa macho.

Mageuzi mawili yaliyofuata ndiyo yaliyofungua mlango. Mwaka 1950 daktari Tatsuro Uji wa Tokyo, akishirikiana na mafundi wa kampuni ya Olympus, alitengeneza kamera ndogo yenye filamu na balbu, iliyoshushwa tumboni kupiga picha gizani. Daktari hakuona kitu papo hapo. Alisubiri filamu isafishwe ndipo achunguze. Hata hivyo, kwa picha hizo Wajapani, ambao saratani ya tumbo ilikuwa ikiwaua kwa wingi, walikusanya maelfu ya mifano ya uvimbe mchanga na kuupanga kwa maumbo yake: uliochomoza, uliolala bapa, uliobonyea, na wenye kidonda. Maelezo ya mwaka 1962 yalizaliwa humo. Mageuzi ya pili yaliletwa na Basil Hirschowitz, daktari aliyezaliwa Bethal, Afrika Kusini. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alikamilisha mpira laini uliojaa nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha picha hata ukipindwa. Aliujaribu kwanza kwenye koo lake mwenyewe, kisha siku chache baadaye kwa mgonjwa mwenye kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa vifaa vilivyofuata daktari aliweza kuona, kuzungusha ncha na kukata kinyama cha kupeleka maabara, vyote katika kikao kimoja. Miaka ya 1980 kamera ya video iliziondoa nyuzi za kioo, na picha ikahamia kwenye skrini ambayo chumba kizima huiona.

Afrika Mashariki teknolojia hii ilianza katika hospitali kubwa za miji, na kwa miaka mingi kipimo cha kawaida cha tumbo kilibaki kuwa eksirei baada ya mgonjwa kunywa bariamu, kimiminika cheupe na kizito. Bariamu huonyesha kidonda kikubwa au njia iliyoziba. Uvimbe bapa wa sentimita moja huweza kupita bila kuonekana. Hospitali mbili za rufaa zilizobadilisha hali upande wa Tanzania, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zilifunguliwa mwaka uleule wa 1971. Bugando ndiyo inayopokea rufaa za mikoa ya kanda ya ziwa na magharibi, Kigoma ikiwamo.

Endoskopi ilipoanza kutumika zaidi katika nchi za Maziwa Makuu, ilikutana na ugunduzi mwingine. Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walikuwa wameikuza bakteria ya tumboni mwaka 1982, ambayo baadaye iliitwa Helicobacter pylori. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1987 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Rwanda waliripoti kwamba wagonjwa wao wengi wa tumbo walikuwa nayo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja rasmi kuwa kisababishi cha saratani. Hapo likazuka swali gumu. Watu wengi Afrika huambukizwa bakteria hiyo tangu utotoni, lakini taarifa za saratani ya tumbo zilikuwa chache katika maeneo mengi. Chris Holcombe aliliita jambo hilo kitendawili cha Afrika mwaka 1992. Waliompinga walieleza kwamba hesabu hizo zilitoka mahali ambapo watu wachache mno walikuwa wamewahi kupimwa kwa kamera. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa nyanda za juu za Maziwa Makuu kitendawili chenyewe hakisimami vizuri, maana huko saratani ipo na imekuwapo.

Njia ambayo bakteria huchukua hadi saratani ilichorwa na Pelayo Correa kuanzia mwaka 1975. Kwanza utando huvimba, kisha hupungua unene, kisha chembe zake hugeuka na kufanana na za utumbo, halafu huharibika. Safari hiyo huchukua miongo. Chumvi nyingi na moshi wa tumbaku huiharakisha. Dagaa wa Kigoma kwa kawaida hukaushwa kwa jua. Chakula kinachotajwa na watafiti si hicho, bali kile kilichohifadhiwa kwa chumvi nyingi.

Kuiona saratani changa kunahitaji subira kuliko mtambo wa bei kubwa. Mgonjwa hukaa bila kula, hupewa dawa ya kuondoa mapovu na ute, kisha daktari huosha kila kona na kuitazama. Utafiti wa Singapore uliochapishwa mwaka 2015 uligundua kwamba madaktari waliotumia zaidi ya dakika saba kwa kila tumbo waliona mabadiliko ya hatari mara mbili ya wale waliofanya haraka. Rangi ya buluu ya indigo ikinyunyizwa, hutuama kwenye mabonde madogo ya utando na kuonyesha mpaka wa uvimbe. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mitambo mingi ina pia mwanga mwembamba wa buluu na kijani unaoikoleza mishipa midogo ya damu. Mara nyingi dalili yote ni doa jekundu au lililopauka, lenye kingo zisizo sawa, ambalo mtu asiyefunzwa angeliruka.

Matibabu ya awali yalikuwa upasuaji wa kukata sehemu ya mfuko wa chakula au wote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari walianza kukata vinyama vinavyoning'inia kwa tanzi la waya wenye umeme lililopitishwa ndani ya mpira. Uvimbe bapa haukamatiki kwa tanzi. Ndipo ikatumika mbinu ya kuchoma sindano ya maji ya chumvi chini ya utando, ili uinuke na kuachana na msuli. Mwaka 1984 Masahiro Tada na wenzake walieleza namna ya kuuinua, kuushika na kuukata. Tatizo lilikuwa ukubwa: uvimbe uliozidi sentimita mbili ulitoka vipande vipande, na kipande kilichobaki kiliota upya.

Suluhisho lilitoka Kituo cha Taifa cha Saratani cha Japani katika miaka ya 1990. Hosokawa na Yoshida walibuni kisu cha umeme chenye kidonge cha kauri nchani, ili ncha isitoboe ukuta. Daktari huanza kwa kuweka alama ndogo za kuunguza kuzunguka doa, milimita chache nje ya mpaka wake. Kisha hudunga kimiminika, huchana duara nje ya alama, na kuingia chini ya utando akikata nyuzi za tabaka la kati taratibu, akiunguza kila mshipa wa damu kabla haujapasuka. Kazi inaweza kuchukua saa moja, wakati mwingine kadhaa. Uvimbe hutoka ukiwa kipande kimoja, hutandazwa juu ya ubao kwa pini, na mtaalamu wa patholojia huukata vipande vyembamba ili aone kama kingo ni safi na kina kimefika wapi. Mwaka 2000 Takuji Gotoda na wenzake walichambua wagonjwa 5,265 waliokuwa wamepasuliwa, wakaonyesha ni uvimbe wa aina gani ambao haufiki kwenye tezi kamwe au kwa nadra sana. Hesabu hiyo ndiyo inayomruhusu daktari kuacha tumbo lote mahali pake.

Duodeni ni habari nyingine. Saratani yake ni nadra, na ukuta wake ni mwembamba mno. Nyongo na maji ya kongosho hupita juu ya kidonda kilichoachwa na kisu, na tundu huweza kutokea siku kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana yuko salama. Kwa hiyo vinyama vidogo hukatwa kwa tanzi bila umeme, na vingine hukatwa huku utumbo ukiwa umejazwa maji badala ya hewa. Vikubwa huachiwa vituo vyenye uzoefu, vilivyo na wapasuaji karibu.

Mambo hayo yote yanahitaji mgonjwa awe amefika mapema. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo waliopokelewa hapo. Umri wa kati ulikuwa miaka 52, na 92.1% walifika katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa watu hao kisu cha kauri hakina kazi. Kilichobaki ni upasuaji mkubwa, dawa, au kupunguza mateso.

Safari yenyewe inaeleza sehemu ya sababu. Anayetoka Mwamgongo huanza kwa boti, akipita kando ya fukwe za Gombe hadi Kigoma. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ndiyo hatua ya mkoa. Akipewa rufaa ya Bugando, kuna mamia ya kilomita za barabara kupitia Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Geita, hadi Busisi, ambako daraja lilichukua nafasi ya kivuko mwaka 2025. Mitambo nayo ina mahitaji yake: umeme usiokatika, maji safi, dawa za kuua vijidudu kati ya mgonjwa na mgonjwa, na fundi. Umeme wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli hadi miaka ya 2020. Tena kinyama kilichokatwa hakina faida kama hakuna mtaalamu wa kukisoma.

Sababu nyingine iko katika duka la dawa. Maumivu ya chembe cha moyo huitwa vidonda vya tumbo moja kwa moja, na omeprazole hununuliwa bila kipimo. Dawa hiyo hupunguza asidi, na hata kidonda chenye saratani kinaweza kufunga juu kwa muda huku uvimbe ukiendelea chini. Mtu anayekonda, anayetapika mara kwa mara, anayepata choo cheusi kama lami, anayeshindwa kumeza au aliyeishiwa damu anastahili kamera kwanza. Vivyo hivyo kwa mwenye umri mkubwa ambaye maumivu yake yameanza sasa. Kwa mwambao huu, chumba cha endoskopi karibu zaidi na mtaalamu wa patholojia vingeokoa watu wengi kuliko kisu chochote kipya.

Aliyeondolewa uvimbe mchanga hurudi kupimwa kila mwaka, kwa kuwa utando uliobaki ni uleule uliougua. Mwaka 2008 Kazutoshi Fukase na wenzake waliripoti juu ya wagonjwa 544 wa Japani waliotibiwa kwa endoskopi. Katika miaka mitatu, saratani mpya iliwapata 24 kati ya 272 ambao hawakupewa dawa za kuua Helicobacter pylori, na 9 tu kati ya 272 waliopewa. Dawa hizo ni antibiotiki mbili pamoja na ya kupunguza asidi, kwa wiki moja hadi mbili, na zinapatikana pia Tanzania. Hata hivyo tafiti za Mwanza zimekuta usugu dhidi ya clarithromycin, mojawapo ya antibiotiki hizo, kwa hiyo mgonjwa hupimwa tena wiki nne au zaidi baada ya kumaliza dozi.