Kuluva na saratani ya taya: deni la sayansi kwa West Nile

Saratani ya Burkitt ikitajwa, wengi hukumbuka hospitali ya Mulago, Kampala. Ni wachache wanaoikumbuka Kuluva, hospitali ya misheni iliyo kusini mwa mji wa Arua. Hapo historia inawapunja watu wa West Nile, eneo la kaskazini magharibi mwa Uganda.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote. Oktoba 1961 alifunga safari na madaktari wawili wamisionari, Cliff Nelson na Ted Williams wa Kuluva, kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa pauni 250. Wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, hadi Afrika Kusini, wakiuliza habari za uvimbe huo hospitali hadi hospitali. Williams alikuwa fundi pia; gari likiharibika, yeye ndiye aliyeingia uvunguni. Wakagundua kwamba uvimbe huo hufuata joto na mvua na hutoweka milimani, karibu sawa na malaria.

Kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilifanyika kimyakimya Kuluva. Williams aliandika habari za kila mgonjwa: anatoka kijiji gani, aliugua lini. Mwaka 1967, yeye, Malcolm Pike na B. Wright walionyesha kwamba wagonjwa wa West Nile walitokea kwa makundi, mahali pamoja na wakati mmoja. Ilikuwa dalili ya maambukizi.

Tayari mwaka 1964, watafiti Epstein, Achong na Barr walikuwa wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, London. Je, kirusi hutangulia ugonjwa? Kuanzia 1972, enzi za Idi Amin, kikosi cha mtafiti Guy de-Thé kilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, wakiwa bado wazima. Taarifa ya 1978 ilihusu 14 waliougua baadaye: wengi walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho kabla uvimbe haujatokea. Wazazi walioruhusu mikono ya watoto wao idungwe sindano wanastahili kutajwa katika kila kitabu cha fani hii.

Ugonjwa huu hutambulikaje? Kwenye eksirei ya taya, mstari mwembamba mweupe unaozunguka mzizi wa jino hufutika mapema. Nyumbani, mzazi huona meno yanalegea na shavu linavimba. Ukiona hivyo kwa mwanao, usingojee: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Saratani hii hukua haraka mno, lakini ikiwahiwa kwa dawa mara nyingi hupona.