Gia ya Kwanza Iko Chini au Juu? Historia Fupi ya Gia za Pikipiki Tunazoazimana



Mahindi yakishakauka hapa Songea, pikipiki haina mwenyewe. Leo anaendesha kaka, kesho shemeji, keshokutwa kijana uliyemwita atoe magunia shambani hadi barabara kubwa. Tukiazima tunauliza mambo mawili: ina mafuta? breki zinashika? La tatu tunalisahau: gia zake zinaingiaje?

Mimi lilinigharimu. Nilijifunzia pikipiki ambayo gia ya kwanza unakanyaga chini, nyingine zote unanyanyua juu. Siku moja nikaazima ya mkulima, nikafunga mfuko wa mbolea wa kilo 50 nyuma. Kwenye mteremko, nikiwa gia ya tatu, nikataka kupangua ili injini inishikie mzigo. Nikakanyaga mbele kama nilivyozoea. Badala ya kupungua, ikaingia ya nne. Nikakanyaga tena, ikaingia frii. Safari iliishia katikati ya mahindi ya watu, mfuko umepasuka na goti limechubuka. Pikipiki haikuwa mbovu. Mguu wangu ulikuwa umefundishwa lugha nyingine.

Kwa nini lugha hizo ziko nyingi? Tuangalie zilikotoka.

Pikipiki za mwanzo kabisa za Ulaya nyingi hazikuwa na gia za kubadili. Injini ilivuta gurudumu kwa mkanda, na kwenye kilima kikali mwendeshaji alishuka akasukuma. Gia zilipokuja, zilibadilishwa kwa mkono, kwa fimbo iliyokuwa pembeni ya tangi la mafuta. Maana yake uliachia usukani kwa mkono mmoja kila ulipobadili. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Harold Willis wa kiwanda cha Velocette, Uingereza, alitengeneza gia ya mguu ambayo kila ukiigusa inasogea hatua moja tu, kisha pedeli inarudi mahali pake. Gia za mguu tunazotumia leo zinafanya kazi kwa mtindo huo.

Lakini viwanda havikukubaliana. Pikipiki nyingi za Uingereza ziliweka gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Norton waliweka gia ya kwanza juu na nyingine chini. Wajapani wakaleta gia mguu wa kushoto. Katikati ya miaka ya 1970 Marekani ikaamuru kwamba pikipiki mpya zinazouzwa kwao ziwe na gia kushoto. Kwa kuwa soko lile lilikuwa kubwa, wengine wakafuata. Norton Commando ilihamia kushoto mwaka 1975. Ndiyo sababu leo huhitaji kuuliza gia iko mguu gani. Mpangilio wa juu na chini, hata hivyo, haukuwa mmoja kwa pikipiki zote.

Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub. Walitaka kijana anayepeleka chakula mjini aweze kuendesha huku mkono mmoja umebeba trei. Wakaondoa mkono wa klachi, wakaweka pedeli ya kukanyaga kwa vidole mbele na kwa kisigino nyuma. Ukikanyaga mbele, gia inapanda. Hadi mwaka 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilikuwa zimepita milioni 100, na mtindo wa kukanyaga mbele ukaenea kwenye pikipiki ndogo nyingi.

Mwaka 1976 Honda hao hao walitoa CG125, iliyokusudiwa nchi kama zetu, ambako barabara ni mbovu na matengenezo hucheleweshwa. Injini yake ni rahisi na inavumilia. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na nyingi za pikipiki zilizojaa vijijini kwetu kuanzia miaka ya 2000 ni wajukuu wake. Zikakutana na za India, na zile za miradi na ofisi ambazo kwa kawaida ni moja chini, nyingine juu. Kila mtindo ukaja na mpangilio wake, nasi tukazipokea zote.

Hata bajaji ina historia yake. Gia yake iko kwenye mkono wa kushoto, unazungusha. Mtindo huo ni wa Vespa ya Italia, iliyoanza mwaka 1946, ambayo kampuni ya Bajaj ya India iliitengeneza kwa leseni kabla ya kutumia njia zake yenyewe.

Sasa hatari iko wapi? Aliyezoea gia zote chini akipanda ya moja chini, anataka kutoka ya tatu kwenda ya nne, anakanyaga mbele, inashuka ya pili. Akiachia klachi ghafla, tairi la nyuma linakamata na kuteleza. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, na abiria nyuma, hapo hakuna pa kujitetea. Wa upande wa pili yatamkuta yaliyonikuta mimi.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha pikipiki ngeni, fanya hivi:

1. Isimamishe kwa stendi kubwa, injini imezimwa, gia frii.
2. Kamata klachi, kanyaga mbele mara moja, achia klachi. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likikataa, gia imeingia.
3. Endelea kukanyaga mbele huku unahesabu, ukisogeza gurudumu kidogo kila mara. Ikiingia moja tu, hiyo ni ya moja chini. Zikiingia nne au zaidi, ni ya zote chini. Ikifika mwisho ikarudi frii, ni ya mzunguko. Hiyo ogopa zaidi kwenye mteremko.
4. Endesha kwanza bila mzigo mahali tambarare. Achia mafuta, kamata klachi, gusa gia mara moja kwa uhakika, kisha achia klachi polepole huku unarudisha mafuta.
5. Chagua gia kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko.

Na wewe mwenye pikipiki, unapompa mtu funguo mwambie neno moja: "Hii zote chini," au "Hii moja chini." Halikugharimu kitu, na linaweza kumrudisha nyumbani salama yeye, magunia na pikipiki yako.

Tukutane shambani.