Uthibitisho wa Shamba la Makazi, Nebraska 1863–1869

Sheria ya Mashamba ya Makazi, aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimruhusu raia wa Marekani, au mgeni aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali, alimradi awe ametimiza miaka 21 au awe mkuu wa kaya, hata wajane na wanawake wasioolewa nao wakastahiki. Ada zote zilikuwa dola 18 tu, lakini gharama halisi ililipwa kwa jasho, kwa kuwa mwombaji alitakiwa aishi pale na kulima kwa miaka mitano kabla ya kupewa hati miliki.

Daniel Freeman, anayehesabiwa kuwa mwombaji wa kwanza, aliandikishwa katika ofisi ya ardhi ya Brownville tarehe 1 Januari 1863, siku ileile sheria ilipoanza kutumika. Baada ya miaka mitano ilimbidi atoe uthibitisho wa mwisho, yaani kiapo kinachoungwa mkono na mashahidi wawili wanaolijua shamba. Mwaka 1868 majirani wawili walimshuhudia kwamba ana nyumba ya futi 14 kwa 20, sehemu magogo na sehemu mbao, yenye milango miwili na madirisha mawili. Kwamba amelima na kuzungushia ua ekari zipatazo 35. Na kwamba amejenga banda la kondoo la futi 100 na kupanda mitofaa 40 na mipichi ipatayo 400. Sheria haikumlazimu karani aende kuihesabu mipichi hiyo, na hapo ndipo palipokuwa na mwanya, maana majirani waliotazamia kushuhudiana kwa zamu hawakuwa na sababu ya kupingana. Bunge lilichelewa kuuziba: ni mwaka 1879 tu lilipoagiza nia ya kuthibitisha itangazwe gazetini pamoja na majina ya mashahidi, ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Waoto na Wamissouria, wenyeji asilia walioiachia serikali ardhi ya eneo hilo kwa mkataba wa 1854, hawakuulizwa ushahidi wowote. Freeman alipopata hati yake mwaka 1869, wao walikuwa wangali wakiishi katika hifadhi waliyotengewa kando ya mto Big Blue, kusini mwa kaunti lilimokuwa shamba la Freeman.