Kasha la Mpasuaji

Leo twataka kuzungumza juu ya kasha. Si kasha la nguo, bali lile la mti ambamo wapasuaji wa Ulaya wa karne ya 19 waliweka vyombo vyao.

Mzee wa Kikamba mwenye kiti cha miguu mitatu kilichopambwa kwa nyuzi za shaba atalielewa upesi. Lilikuwa la mahogani, limefungwa shaba kwenye pembe zake, na juu ya kifuniko kibati chenye jina la mwenyewe. Ndani lilitandikwa mahameli, na kila chombo kilikuwa na nafasi yake: msumeno wa mifupa, visu virefu, koleo, keekee ya kutobolea fuvu. Mipini ilikuwa ya mti mweusi mgumu au, kwa wenye fedha, ya pembe za ndovu. Bidhaa hiyo haikuwa ngeni kwetu. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyi biashara mkuu wa pembe, ambaye misafara yake ilishuka mpaka pwani.

Kwa uzuri kasha halikuwa na kasoro, lakini ndani yake mauti yalijificha. Daktari alipangusa kisu, akakirudisha katika mahameli. Damu na usaha vikakauka humo, na mgonjwa wa pili akapasuliwa kwa kisu kile kile. Hawakuwa watu wabaya. Habari ya vijidudu walikuwa hawajaijua.

Huko Glasgow, Joseph Lister alianza mwaka 1865 kutumia dawa ya karboliki kwenye vidonda, na baadaye kwenye vyombo na mikono. Sikilizeni hesabu yake. Katika miaka ya 1864 na 1866, kabla dawa haijaanza kutumika kwa waliokatwa mguu au mkono, walikufa 16 kati ya 35. Kuanzia 1867 hadi 1869 walikufa 6 kati ya 40. Hata hivyo wengine walimcheka.

Katika miaka ya 1880 Wajerumani walianza kusafisha vyombo kwa mvuke, na hapo kasha likashindwa. Mahameli hayachemshiki, pembe hupasuka. Mama afukizaye kibuyu kabla ya kutia maziwa hashangai kusikia hayo. Vyombo vikawa vya chuma kitupu mpaka mpini. Nasi twamhurumia kidogo yule seremala, maana kazi yake ilikuwa safi kwa macho.

Makasha yaliyosalia yamo katika majumba ya makumbusho, au yanauzwa ghali kwa wapenda vitu vya kale. Hospitalini Wote au Kitui, vyombo vya kupasulia hufungwa ndani ya kitambaa, hubandikwa utepe, huingizwa katika mvuke wa joto la digrii 121 au zaidi. Mistari ya utepe ikigeuka kuwa myeusi, muuguzi hujua kwamba mvuke umefika.