Makosa ya wanaoanza bustani za mboga Unyambwa

Katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayeanzisha bustani ya mboga nyumbani bila kulizingatia hilo hupoteza mbegu na maji kwa pamoja.

Kosa kubwa ni kuinua matuta wakati wa kiangazi. Tuta lililoinuka hukaushwa upesi na jua na upepo. Linalofaa ni lililozama, lenye kingo pembeni, ili maji yatuame penye mizizi. Wengine hunyunyizia kidogo kidogo kila siku. Mizizi hubaki juujuu, na siku ndoo ikikosekana mimea hunyauka. Ni heri kumwagilia kwa wingi asubuhi au jioni, kisha kutandaza nyasi kavu. Maji ya Ziwa Singidani hayafai, kwa kuwa yana chumvi.

Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Ikifukiwa kwa kina kirefu haichomozi, na lawama humwangukia muuzaji bila sababu. Samadi mbichi nayo huunguza miche. Sharti iachwe ioze kwa miezi kadhaa kabla ya kuchanganywa na udongo.