Kutoka Ukumbi wa Ukoo hadi Shule za Ng'ambo: Kuenea kwa Wing Chun

Wing Chun ni mtindo mmojawapo wa kung fu, yaani sanaa za mapigano za Wachina, uliokomaa katika mji wa Foshan, jimbo la Guangdong, kusini mwa China, na ambao hadi katikati ya karne ya 20 ulijulikana kwa watu wachache nje ya jimbo hilo. Miaka 30 baadaye ulikuwa ukifundishwa Marekani, Australia na Ujerumani. Mageuzi hayo huelezwa mara nyingi kuwa ni matunda ya filamu za Bruce Lee, lakini filamu ziliamsha hamu tu, na hamu hiyo isingezaa wanafunzi kama pasingekuwa na shule za kuwapokea. Kwa hiyo, anayetaka kuelewa namna Wing Chun ilivyoenea hana budi kuchunguza ni nani aliyeruhusiwa kujifunza, chini ya masharti gani, na mwalimu alipata wapi idhini ya kufundisha.

Masimulizi ya wafuasi wa mtindo huu yanamtaja Ng Mui, mtawa wa Kibudha aliyenusurika kuteketezwa kwa hekalu la Shaolin, pamoja na binti Yim Wing Chun aliyerithi maarifa yake. Yanawataja pia waigizaji waliosafiri mitoni kwa mashua nyekundu wakionyesha michezo ya kuigiza kwa nyimbo. Wanahistoria wengi huyahesabu masimulizi hayo kuwa hekaya, na habari zenye uhakika zaidi zinaanza na Leung Jan, tabibu wa dawa za mitishamba aliyeishi Foshan katika karne ya 19. Leung Jan alimfundisha Chan Wah-shun, mtu aliyejipatia riziki kwa kubadilisha fedha, ambaye uzeeni alifundishia katika ukumbi wa ukoo wa Ip, na huko akampokea Ip Man, aliyezaliwa mwaka 1893, kuwa mwanafunzi wake wa mwisho. Mafunzo ya wakati huo yalikuwa ya watu wachache, yalidai ada kubwa na muda mwingi, na yalifungwa ndani ya silsila, yaani mfuatano wa walimu na wanafunzi wanaorithishana elimu mmoja baada ya mwingine.

Ip Man mwenyewe alitoka katika familia tajiri na hakuwa na haja ya kufundisha ili apate kula. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1949, Wakomunisti waliposhika madaraka, kwa kuwa yeye, aliyekuwa ofisa wa polisi chini ya serikali iliyoondolewa, aliona usalama wake uko nje ya Foshan, akahamia Hong Kong, koloni la Waingereza lililokuwa likifurika wakimbizi. Mwaka 1950, akiwa amepoteza mali yake, alianza kufundisha katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa huko Kowloon, na mwanafunzi wake wa mwanzo, Leung Sheung, alikuwa kiongozi katika chama hicho. Sanaa iliyokuwa ya wana wa matajiri ikaingia mikononi mwa wahudumu wa mikahawa, kisha mwa vijana wa shule na makarani, na mwalimu naye akawa mtu anayeishi kwa ada ya kila mwezi.

Mazingira hayo yaliathiri hata namna ya kufundisha. Mtaala wa Wing Chun ni mfupi ukilinganishwa na mitindo mingi ya Kichina: una mifuatano mitatu ya miondoko ya mikono mitupu, zoezi la nguzo ya mbao yenye mikono, fimbo ndefu, na jozi ya visu vipana. Kiini chake ni chi sao, zoezi ambamo watu wawili hugusanisha mikono na kuisukuma ili kila mmoja ajifunze kuhisi nguvu ya mwenzake bila kutegemea macho. Mtaala wa namna hiyo haukuhitaji uwanja mpana, ukafaa katika vyumba finyu na juu ya mapaa ya Hong Kong, na baadaye ukafaa vilevile katika kumbi za kupanga za miji ya Ulaya. Sifa yake ilikuzwa na mapambano ya siri baina ya vijana wa shule mbalimbali, ambamo Wong Shun Leung, mwanafunzi wa Ip Man, alijipatia jina.

Mwaka 1967 wanafunzi wa Ip Man walimsaidia kuanzisha chama cha Ving Tsun (tahajia nyingine ya Wing Chun) cha Hong Kong, hatua iliyoipa sanaa hiyo sura ya taasisi. Hata hivyo, ndani ya shule uhusiano wa kifamilia ulidumu: mwalimu aliitwa sifu na kuheshimiwa kama mzazi, na waliotangulia kujiunga walihesabiwa kuwa kaka wa waliofuata bila kujali umri. Ip Man alifariki Desemba 1972 bila kuacha mrithi mmoja aliyekubaliwa na wote, na kwa sababu hiyo kila mwanafunzi mkubwa alijiona ana haki ya kufungua shule kwa jina lake.

Wakati huo safari za ng'ambo zilikuwa zimekwisha kuanza. Bruce Lee, mwanafunzi wa Ip Man aliyeondoka Hong Kong mwaka 1959 kabla ya kumaliza mtaala, alifundisha Seattle na Oakland, na mwanafunzi wake wa kwanza huko Seattle, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi. Baadaye Lee aliunda mtindo wake mwenyewe, Jeet Kune Do. Mwaka 1973, mwaka aliofariki na filamu yake ya *Enter the Dragon* ikatolewa, Moy Yat alihamia New York, na William Cheung akafungua shule Melbourne. Wote wawili walikuwa pia wanafunzi wa Ip Man, na waliwakuta vijana waliokwisha kuona sinema na sasa wanatafuta mlango wa kubisha.

Hatua iliyofuata ilitokea Ujerumani, ambako Keith Kernspecht, mfuasi wa Leung Ting wa Hong Kong, alianzisha shirika la Ulaya mwaka 1976. Badala ya kuwategemea walimu waliofahamiana ana kwa ana, shirika hilo liliweka madaraja 12 ya wanafunzi, mitihani, vyeti na ada zilizopangwa, na likawapa waliofaulu kibali cha kufungua matawi. Mfumo huo uliwawezesha watu ambao hawakuwahi kufika Hong Kong kufundisha wenzao kwa utaratibu unaofanana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Lakini cheti, ambacho kilikuwa na kazi ya kuthibitisha elimu, kiligeuka pia kuwa bidhaa, na ugomvi ukazuka kuhusu nani aliyefunzwa mtaala kamili na nani anayestahili kujiita mrithi.

Nguvu ya shule hizo inaonekana wazi zaidi matawi mengine ya Wing Chun yanapotazamwa. Huko Guangdong, Yuen Kay-san na mwanafunzi wake Sum Nung walikuwa na silsila iliyoheshimika si chini ya ile ya Ip Man, lakini baada ya 1949 dola ilihimiza wushu, yaani sanaa za mapigano zilizopangwa upya kuwa mchezo wa mashindano, na walimu binafsi hawakuwa na uhuru wa kusajili wanafunzi na kuwatuma ng'ambo. Yuen Chai-wan, kaka wa Yuen Kay-san, aliupeleka mtindo huo Vietnam katika miaka ya 1930, na huko ukaota mizizi, ila vita na mipaka iliyofungwa viliuzuia kuvuka kwenda mbali. Matawi haya hayakushindwa kwa uhafifu wa mbinu zake; yalikosa bandari iliyo wazi, wanafunzi wenye uwezo wa kusafiri, na shule inayoweza kuishi kwa ada, mambo matatu ambayo tawi la Ip Man liliyapata kwa pamoja Hong Kong.